Kosoeni Kazi, Msimtukane Fundi

Kuuliza si ujinga, ndivyo walivyonena wahenga wetu. Lakini wahenga hao hawakumfunza anayeulizwa namna ya kujibu. Pengine waliona hapana haja, kwa kuwa zama zao mtu aliulizwa uso kwa uso, barazani au msikitini, na macho ya wazee yakamzuia asiteleze ulimi. Leo watu huulizana na kujibizana hali hawajuani kwa sura wala kwa ukoo. Madhara ya jambo hilo nalikwenda kuyaona kwa macho yangu mahali nisipotaraji, nako ni Magunga.

Ndugu msomaji, Magunga ni mji mdogo wa soko ulioko Gwassi, Suba Kusini, katika kaunti ya Homa Bay. Mtu akitoka kwetu Mombasa hushika gari la moshi hadi Nairobi, kisha basi la usiku hadi Homa Bay, kisha Mbita, halafu akafuata njia ya ziwani kupitia Sindo. Akizidi kwenda kusini hufika Karungu, na hapo amekwisha ingia kaunti ya Migori. Wenyeji ni Wasuba, ambao wazee wao walitoka upande wa Uganda, na ambao leo wengi wao husema Kijaluo. Huko ndiko alikopelekwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, kufundisha hesabu katika shule ya sekondari.

Kijana huyu, mbali na ualimu, ana mapenzi ya kuandika programu za kompyuta. Hakusomea chuoni. Alijifunza mwenyewe usiku, kwa simu na kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa mtu. Nami nilipokwenda kumtazama nilimkuta amenuna, hali ya kuwa namjua kwa uchangamfu wake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekukunjana hivyo? Kuna msiba?"

"Hapana msiba, mjomba. Ila mimi na programu tumeachana."

Nikamwambia anieleze, akanieleza. Jirani na nyumba aliyopanga wako kina mama kumi na wawili wanaonunua omena, yaani wale dagaa wa ziwani, wakawaanika na kuwauza. Wana kikundi chao cha kuweka akiba. Kila wiki faida huandikwa, hugawanywa sawasawa, na kila mmoja huongezewa fungu lake katika hesabu. Fedha zenyewe hazikai sandukuni, hukopeshwa wanachama. Walimwomba mwalimu awatengenezee programu ya simu iwatunzie hesabu hiyo, akawatengenezea bila malipo. Ikafanya kazi nusu mwaka, na wote wakafurahi.

Kisha mama mmoja mwenye daftari lake la zamani akajumlisha kwa kalamu, akaona jumla ya simu ni pungufu ya jumla ya daftari. Si fedha nyingi, ni shilingi mia na kitu. Lakini katika fedha za wengi hapana upungufu mdogo. Na kwa kuwa mwenye kuingiza hesabu katika simu alikuwa mweka hazina, mama mtu mzima mwenye wajukuu, minong'ono ikamwelekea yeye. Wakaanza kukaa mbali naye pale wanapoanikia omena. Mwalimu alijua kwamba mama yule ni mwaminifu, na kwamba kosa limo ndani ya programu, ila hakuliona liliko.

Akafanya alilofunzwa na methali, akauliza. Yuko katika kikundi kikubwa cha waandishi wa programu wa Afrika Mashariki, wanaoandikiana kwa simu, wengi wao vijana wa mijini wenye kazi nzuri. Akaandika kwamba programu yake inapoteza fedha, na akaomba msaada wa haraka. Jibu la kwanza likamwambia kwamba asiyejua kugawanya arudi darasa la tatu. La pili likamuuliza, kama hiyo ndiyo hesabu yake, watoto wa watu anawafunza nini? Kisha wakafuata wenye kucheka, thelathini na zaidi, kila mmoja akaweka alama yake ya kicheko. Hapana aliyeuliza kosa lenyewe ni lipi.

Mwalimu wa hesabu huyo! Alifunga simu, na kwa wiki mbili hakuigusa programu. Na wiki mbili hizo yule mama aliendelea kukaa peke yake na karai lake la omena.

Nitasema kweli mbele ya wasomaji, ingawa kweli hii yaniuma. Nilipomsikiliza mpwa wangu sikuwakasirikia wale vijana tu, nalijikumbuka na mimi. Nilipokuwa kijana mwenye kalamu kali, gazeti moja lilichapisha shairi la mwanagenzi wa mbali, shairi ambalo mizani yake ilikuwa ikichechemea na vina vyake vikipotea njiani. Nikamjibu kwa beti kumi. Nikamwambia shairi lake ni guni, na hilo lilikuwa haki yangu kulisema. Lakini sikuishia hapo. Nikaongeza kwamba ashike jembe aache kalamu, nikamfanyia mzaha hata jina lake. Watu wakanisifu barazani, nami nikavimba kichwa. Yule mwenzangu sikuliona jina lake tena katika ukurasa wa mashairi, si mwaka ule wala mwaka wowote uliofuata. Sijui lau angeendelea angekuwa nani. Najua tu kwamba mimi ndimi niliyemfungia mlango.

Sisi watu wa mashairi twajua sana kujibizana na mtu tusiyemwona. Kuanzia miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, akaandika mashairi yasiyofuata vina na mizani, washairi wa Kenya na Tanzania waliteta juu ya mashairi huru, na mateto hayo yaliandikwa na watu waliokaa mbalimbali. Wako waliojibu hoja kwa hoja, na vitabu vikazaliwa. Wako pia waliojibu hoja kwa kejeli, na pale pakazaliwa uadui. Karatasi haichukui uso wa mtu. Haichukui tabasamu la mwenye kutania, wala chozi la mwenye kutaniwa. Na kioo cha simu ni karatasi iyo hiyo, ila hiki chaenda kasi zaidi, na wenye kuchekelea hukusanyika kabla aliyeumia hajamaliza kusoma.

Msidhani jambo hili ni la vijana wa kwetu tu. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, jina lake Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaandika programu ya kuendeshea kompyuta, akawaalika wenzake waitazame. Programu hiyo ndiyo Linux, ambayo leo imo ndani ya kila simu ya Android, pamoja na hiyo ambayo pengine iko mfukoni mwako. Huandikwa na maelfu ya mafundi wa nchi mbalimbali, wengi wao hawajapata kuonana, na kazi zao hukosolewa kwa barua pepe zinazosomwa na wote. Torvalds alisifika kwa ufundi wake, akajulikana pia kwa ukali wa barua zake, hata kufikia matusi. Wengi walisema hiyo ndiyo dawa ya kazi mbovu.

Lakini dawa ile ilikuwa ikiua. Fundi mmoja, Sage Sharp, aliyeandika sehemu ya Linux inayohusu USB 3.0, alimkabili Torvalds hadharani mwaka 2013 juu ya ukali huo. Mwaka 2015 akatangaza kwamba ameiacha kazi ya Linux, kwa kuwa hakuweza kuendelea kufanya kazi mahali pasipo na heshima. Ndipo Septemba 16, 2018, Torvalds mwenyewe akaandika kuomba radhi. Alikiri kwamba mashambulizi yake yalikuwa si ya haki, akawataka radhi aliowaumiza na aliowafukuza, na akajitenga na kazi kwa muda ili apate msaada wa kuelewa hisia za watu. Wakati huo huo Linux ikapata kanuni mpya za mwenendo. Mwezi uliofuata alirejea kazini, na Linux haikuanguka kwa sababu ya adabu.

Kanuni hizo zilitokana na waraka ulioandikwa mwaka 2014 na Mmarekani Coraline Ada Ehmke, nao huitwa Contributor Covenant, tuseme Agano la Wachangiaji. Vikundi vingi sana vya waandishi wa programu duniani vimeupokea. Waraka wahimiza upole, kustahimili rai za wengine, kutoa makosoo yenye kujenga na kuyapokea kwa moyo mwema. Wakataza matusi, kumwandama mtu, na kutangaza siri zake. Toleo la baadaye likaweka ngazi za kumrudi mkosaji. Kwanza huelezwa kosa lake kwa faragha, kisha huonywa, kisha husimamishwa kwa muda, na mwisho, akishikilia ubaya wake, hutolewa moja kwa moja. Yaani mtu hatupwi nje kwa kosa la kwanza, wala haachwi akawachezea watu hadi mwisho.

Kabla ya hayo, mwaka 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha mradi wa programu uitwao Ubuntu, na tangu mwanzo mradi ule ulikuwa na kanuni zake za mwenendo. Neno ubuntu latoka katika lugha za Kibantu za kusini, nasi twalijua bila kufasiriwa, kwa kuwa ndilo neno letu utu. Basi mafundi wa Ulaya na Marekani wakafundishwa kwa neno la Kiafrika kwamba mtu ni watu. Je, si aibu sisi wenye neno tulisahau?

Na hasara yake si ya moyo tu. Mwaka 2008, wakati wa machafuko ya uchaguzi, Wakenya na marafiki zao walitengeneza programu ya kukusanya habari za ghasia na kuziweka katika ramani, wakaiita Ushahidi, jina la Kiswahili. Waliiacha wazi ili fundi yeyote aisome na kuiongeza, na mwaka 2010 ikatumika Haiti katika tetemeko la ardhi. Kazi ya namna hii husimama kwa mikono ya wengi. Ukimfukuza mwanagenzi wa leo kwa kicheko, umepunguza mkono mmoja ambao kesho ungekufaa wewe mwenyewe.

Tulipokuwa chuoni, mwalimu wetu alitusimulia kisa cha Hassan na Hussein, wajukuu wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Walimwona mzee akitawadha, na udhu wake haukuwa sawa. Wao watoto, yeye mzee. Hawakumcheka, wala hawakumwambia kuwa hajui. Walimwendea wakamwomba awe mwamuzi wao, awatazame nani kati yao anayetawadha vyema zaidi. Wakatawadha mbele yake, mmoja baada ya mwingine. Mzee akatazama, akatambua kosa lake, akawaambia kwamba nyinyi nyote mwatawadha vyema, ni mimi nisiyejua. Kosa likaondoka na heshima ya mzee ikabaki. Kanuni zote za mafundi wa kompyuta nilizozisoma sikuona iliyopita hapo.

Nawasikia wenye kalamu kali wakisema, sasa mwataka tusifu kazi mbovu? Hasha. Guni ni guni, na programu inayopoteza fedha za wajane haina sifa. Adabu si kuficha kosa. Mwenye kuficha kosa kwa kuona haya amemdhulumu mwenzake sawa na aliyemtukana. Adabu ni kulitia kosa mahali pake. Sema mstari huu una kasoro, wala usiseme wewe ni mjinga. Sema kwa nini ni kasoro, na onyesha njia. Usimwambie mtu kwamba jambo ni rahisi, kwani lau lingekuwa rahisi kwake asingeuliza. Na mzaha uweke kwa mnaojuana.

Ushindani nao hauna budi kuwepo, maana ndio unaonoa ufundi. Kwetu pwani malenga wamelumbana tangu zama za Muyaka. Na huko ziwani Wajaluo wana mtindo wao uitwao pakruok. Katika ngoma mtu husimamisha muziki, akatoa fedha, akajisifu na kuwasifu rafiki zake kwa maneno ya ufundi, kisha akakaa, na mwingine akapata zamu yake. Mzee mmoja wa Magunga alinieleza jambo hilo tukinywa chai sokoni, nikacheka kwa kufurahi, kwa kuwa nalidhani ni sisi tu tunaotuza katika taarabu. Nikaona kwamba kila mahali penye ufundi wa maneno pana zamu, na pana mpaka.

Usiku ule nikamwambia mpwa wangu anionyeshe alivyouliza. Akanionyesha. Nami kwa haki nikamwambia, "Mwanangu, wale wamekosa adabu, lakini na swali lako halikukamilika. Umeandika programu inapoteza fedha. Ni kama mtu aende kwa tabibu aseme naumwa, kisha anyamaze. Wapi paumwa? Tangu lini? Ulikula nini?"

Alinitazama kidogo, akacheka, na hicho ndicho kicheko chake cha kwanza tangu nifike. Tukakaa wawili, mimi nisiyejua kompyuta na yeye asiyetaka tena kuijua, tukaandika swali upya. Tukaeleza programu imekusudiwa kufanya nini. Tukatoa mfano mmoja, kwamba akiingiza shilingi 5,000 zigawanywe kwa watu 12, mafungu yakijumlishwa hutoka 4,992. Akaweka ile mistari michache ya kugawanya peke yake, si programu nzima. Akaeleza aliyokwisha jaribu. Mwisho akaandika, "Nitashukuru, kaka zangu."

Majibu ya kejeli yalikuja, hayakukosekana. Lakini kabla ya saa moja likaja jibu la binti mmoja wa Dar es Salaam. Alianza kwa kusema kwamba si makaka tu walioko pale, hata madada wako, na mpwa wangu akaona haya kwa haki. Kisha akamshukuru kwa mfano ulio wazi, akamweleza. Katika lugha ile ya kompyuta, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, jibu huwa namba nzima, na kinachobaki hutupwa. Elfu tano kwa kumi na wawili ni 416 na kitu. Kompyuta ilikuwa ikiandika 416 na kukitupa hicho kitu. Mara kumi na mbili, ndizo shilingi nane zilizopotea. Akamwonyesha namna ya kulishika baki na kuliandika katika mfuko wa pamoja wa kikundi. Na akamalizia kwa kumwambia kwamba yeye mwenyewe kosa hilo lilimpata alipokuwa anaanza.

Neno hilo la mwisho, ndugu msomaji, ndilo lililomrudisha mpwa wangu katika ufundi, zaidi ya lile jibu lenyewe.

Asubuhi tukaenda kwa kina mama. Mwalimu akawaonyesha kwa kalamu, wiki baada ya wiki, shilingi nane hapa, tano pale, hadi zikatimia zile mia na kitu, bila kuzidi wala kupungua. Akawaambia kosa ni langu, si la mama. Pakawa kimya. Kisha yule mwenye daftari akainuka, akalichukua karai lake la omena, akaenda akalitua kando ya karai la mweka hazina, akaketi. Sikuyajua maneno waliyosemezana, maana Kijaluo changu ni cha salamu tu, lakini sikuhitaji mkalimani.

Nilipoaga kurudi Mombasa nilimkuta mpwa wangu ameinamia simu. Kijana mwingine, mgeni kikundini, alikuwa ameuliza swali ambalo hata mimi niliona ni la mwanzo kabisa, na vicheko vilikwisha anza. Mpwa wangu alikuwa akimjibu. Alimuuliza kwanza amejaribu nini, kisha akamwambia kwamba hata yeye lilimpata.

Kwa yule mwenzangu wa ukurasa wa mashairi, popote alipo, kama angali hai na kama bado husoma magazeti, namtaka radhi. Na kwa vijana wetu wanaojibizana usiku kucha kwa vioo vya simu nawaachia ubeti huu:

Mkosefu mwambieni, kwa upole na siasa,
Msimweke aibuni, mkamvunja kabisa,
Fundi wa leo jueni, naye jana alikosa,
Jengeni msibomoe, ilimu si ya kutesa.